Mama Punda Hakwenda Makanya

Mzee Tumainieli wa Vudee amewahi kuwa utingo wa lori, amewahi kuwa karani wa kupima kahawa, na sasa analima maharage na tangawizi. Lakini ukimuuliza kazi yake atakuambia, bila kuona haya, kwamba yeye ni mtafsiri wa sinema. Sinema ya mwisho aliitafsiri kabla ya mjukuu wake hata mmoja kuzaliwa. Hilo halimsumbui. Kuna watu waliacha jeshi zamani zile na hadi leo wanaitwa koplo.

Mambo yalianzia Hedaru, miaka ya tisini, yeye na rafiki yake Athumani walipofungua banda la video nyuma ya duka la Athumani, kando ya barabara kuu. Athumani alitoa jenereta, televisheni na deki. Tumainieli alitoa mdomo. Waliziba madirisha kwa magunia, wakapanga mabenchi, na yeye akawa anasimama kando ya televisheni na kifimbo mkononi, akieleza nani kasema nini. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Kihindi alijua majina ya vyakula, na Kichina hakujua hata jina la chakula. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu watu walikuja kumsikiliza yeye. Jambazi likiwa linashinda liliongea Kiswahili. Likianza kupigwa lilimwita mama yake kwa Chasu, lugha ya Wapare, na banda zima likaangua kicheko.

Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, ilikuwa zamu ya watoto, na mkanda wa watoto ulikuwa mmoja tu. Athumani aliupata Tanga, katika rundo la mikanda iliyochakaa. Ilikuwa katuni ya punda. Lugha yake haikujulikana. Mzungu mmoja aliyesimama dukani kununua maji aliisikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake. Punda mdogo na mama yake wanavuta mkokoteni wa kuni katika nchi nyeupe isiyo na jani. Katikati ya hadithi mama anatangulia kukanyaga ule weupe, unapasuka chini ya miguu yake, anadidimia. Mtoto anabaki amesimama peke yake, na muziki unanyamaza.

Siku ya kwanza Tumainieli hakujua kinachokuja. Mafuta ya jenereta yalikuwa ya shida, hakuwa na nafasi ya kuitazama kwanza peke yake. Aliona ardhi nyeupe, na katika maisha yake yote ardhi nyeupe aliyoijua ni moja, ile ya machimbo ya jasi Makanya, alikopakia mizigo akiwa utingo. Basi akawaambia watoto hapo ni Makanya. Mama punda alipotoweka, hakusita hata kidogo. "Ameingia shimoni," alisema. "Amekwenda Makanya, kwenye jasi. Atarudi tu." Watoto wakatulia. Wengi wao walikuwa na baba au mjomba aliyeshuka kwenye mashimo yale asubuhi na kurudi jioni, mweupe kuanzia kope mpaka kandambili.

Jioni yake, mkanda ukiwa unarudishwa nyuma, Athumani alimwambia, "Tumai, ile siyo jasi. Ile ni barafu. Chini yake kuna maji. Yule punda amekufa." Tumainieli alitazama tena, akayaona mapovu. Alikaa kwenye benchi akijisikia mjinga.

Jumapili iliyofuata angeweza kusahihisha. Watoto walijaa, na wanawe watatu walikaa mbele kabisa: Elinaza wa miaka kumi, Rodrick wa minane, na Irine wa mitano, mikono mdomoni, macho yote kwa punda. Weupe ulipopasuka Irine aligeuka akamtazama baba yake. Tumainieli aliona ule uso, akasema maneno yaleyale. "Amekwenda Makanya, kwenye jasi. Atarudi tu." Na mwishoni, alipotokea punda mwingine mkubwa kumchukua yule mdogo, akasema huyu ndiye mama, karudi. Mtoto mmoja aliuliza mbona masikio yamekuwa marefu. Tumainieli akajibu kwamba ni vumbi la jasi.

Banda lilikufa taratibu, watu walipoanza kununua televisheni zao, na Tumainieli akarudi Vudee, mlimani, kwenye shamba la baba yake. Lakini yale maneno yalibaki nyumbani kwake. Kuku akiibwa, amekwenda Makanya. Soksi ikipotea, ipo Makanya. Mke wake Esta akiuliza sukari imekwenda wapi, wanawe, watu wazima sasa, wanajibu kwa pamoja, kwenye jasi, na wanacheka.

Kisha Irine akaumwa figo. Aliumwa miezi minne na Machi mwaka jana akafariki, akiwa na miaka thelathini na mitano. Alimwacha mtoto mmoja, Careen, ambaye baba yake aliondoka mtoto akiwa bado tumboni na hakuonekana tena. Siku ya mazishi Careen alipelekwa kwa jirani akala makande na kucheza na paka. Aliporudi jioni alikuta migomba imekanyagwakanyagwa na viti vya kukodi vimerundikwa uani, akauliza mama yuko wapi. Babu yake, ambaye hajawahi kushindwa kumjibu mtoto, alifungua mdomo na yakatoka yale yaliyozoea kutoka.

"Amekwenda Makanya, kwenye jasi. Atarudi tu."

Aliyasikia yakitoka na akajichukia palepale. Lakini mtoto alikwisha kutabasamu, na Esta alimtazama mumewe kwa shukrani, na hivyo ndivyo jambo lilivyokaa. Uongo huo ulidai gharama yake. Ilibidi wang'oe msalaba. Irine alizikwa upande wa juu wa nyumba, pale shamba linapopakana na mfereji unaoshuka kutoka kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia la ukoo, na msalaba wake wa mbao ulikuwa na jina lake kwa rangi nyeupe. Careen alikuwa anaanza kujua herufi. Msalaba ukafungwa kwenye gunia, ukawekwa ghalani juu ya madebe ya maharage. Mtoto akaambiwa lile tuta ni la bibi mmoja wa zamani. Kwa miezi kumi Irine alilala bila jina, na kila asubuhi Tumainieli alipita pale akienda shambani akitazama upande wa pili.

Mwezi Januari, siku ya Alhamisi, Careen hakurudi kutoka shule. Saa kumi alasiri kijana wa bodaboda aitwaye Amiri alimleta, amekaa mbele kwenye tangi. Alikuwa amemkuta mbali sana chini, kule hewa inakoanza kuwa ya joto, anatembea na begi la shule mgongoni.

"Shikamoo, mzee," Amiri alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Nilimuuliza anakwenda wapi, akasema Makanya, kwa mama yake, kwenye jasi. Mama yake anafanya kazi machimboni?"

Tumainieli alifungua begi. Madaftari yalikuwa yametolewa, na ndani kulikuwa na ndizi mbivu nne, kanga moja ya Irine, na sabuni mpya ya kuogea. Careen alieleza bila wasiwasi kwamba mama atakuwa na vumbi sana.

Esta alimkumbatia mtoto, akalia, akacheka, akamchapa kidogo, akamkumbatia tena. Tumainieli alikaa kwenye kibaraza na ile sabuni mkononi. Alikuwa na hofu kubwa, kwa sababu barabara kuu haikuwa mbali na pale alipookotwa, na magari ya pale hayana huruma. Na chini ya hofu alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Palepale akaamua. Mtoto ataambiwa, na atakayemwambia ni yeye.

Usiku ule alijaribu kuyasema kwa mke wake kama mazoezi, akashindwa. Sentensi ilikuwa na maneno mawili tu na hayakutoka. Mtu aliyepasua mbavu za Hedaru nzima kwa miaka saba alikosa maneno mawili. Alichogundua ni kwamba hajui kusema jambo zito akimtazama mtu usoni. Anajua kulisema akiwa amesimama kando ya picha. Basi ataitafuta picha yenyewe, ile katuni ya punda. Akamwambia Esta.

"Baba Elinaza, umechanganyikiwa," Esta alisema. "Mtoto ana miaka saba. Akifika darasa la nne tutamwambia taratibu."

"Akifika darasa la nne atakuwa amekwishafika Makanya mara kumi."

"Na hiyo katuni ndiyo nini?"

"Ndiyo niliyomdanganyia."

Jumamosi alishuka Hedaru. Alimkuta Athumani dukani bado, mnene zaidi, kofia ileile. Mkanda alikuwa nao, ndani ya sanduku la biskuti chini ya kaunta. Hakuwa na sababu ya kuutunza, na hakuwahi kuutupa. Deki ilikuwa imekufa siku nyingi. Tumainieli alimweleza yaliyotokea.

"Nilikuambia siku ileile, Tumai," Athumani alisema. "Nilikuambia amekufa."

"Uliniambia. Nipe mkanda."

"Chukua. Na mtoto wa watu mwambie ukweli. Siyo wa kuzungushwa huyo."

Kutoka Hedaru alipanda basi mpaka Same, kutafuta fundi wa kuihamisha ile picha kwenye flashi. Kwa fundi wa kwanza walimcheka. Wa pili alikuwa na deki lakini haikuwa na waya. Wa tatu, karibu na stendi, aliugeuzageuza mkanda, akaunusa, akasema una ukungu, arudi wiki ijayo. Tumainieli akasema hatarudi, atakaa. Alikaa kwenye kigoda tangu saa sita mpaka saa kumi na moja, akipishana na watu wanaoleta simu zilizoanguka majini, na kila fundi alipoinua macho alimkuta mzee anamtazama. Mwishowe fundi alimpa flashi ndogo isiyozidi kidole.

"Picha ipo, ina mistari mistari," alisema. "Ila sauti imekufa kabisa, mzee wangu. Samahani."

"Sauti yake haikuwahi kuwa na kazi," Tumainieli alisema, akaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo.

Jumapili baada ya ibada wote walikuwepo. Elinaza alipanda kutoka Hedaru, anakouza vitambaa. Rodrick, mwalimu wa sekondari, alikuja kutoka Same na pikipiki yake, akiwa na furaha kupita kiasi. Kwake ile katuni ilikuwa utoto wenyewe. Careen alikuwa jikoni na bibi yake akichambua mchele, na sebuleni watoto wa mzee wakaanza kubishana kabla hata televisheni haijawashwa.

"Ni katuni nzuri kuliko zote," Rodrick alisema. "Hizi za siku hizi zinapiga kelele tu. Ile mwisho wake ulikuwa wa furaha. Mama anarudi."

"Mama harudi," Elinaza alisema.

"Anarudi. Ana masikio marefu kwa sababu ya vumbi."

Elinaza alimtazama mdogo wake, mwanamume wa miaka thelathini na minane anayefundisha baiolojia, akaanza kucheka mpaka akashika tumbo. "Rodrick. Vumbi linarefusha masikio?"

Unaweza kuishi na jambo miaka thelathini bila kulikagua. Rodrick aligeuka kwa baba yake polepole. "Baba?"

"Alizama," Tumainieli alisema. "Ile ilikuwa barafu. Yule wa mwisho ni punda mwingine."

Rodrick alikaa chini. Alionekana kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wa ndugu, na hakuna aliyemcheka tena. Baadaye akasema kwamba kama ni hivyo, mtoto asionyeshwe; ni katuni mbaya, inatisha, na aliyeitengeneza hakuwa na watoto. Esta, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo, akasema hayo ndiyo anayoyasema yeye tangu Alhamisi.

"Mimi nilijua tangu nikiwa na miaka kumi," Elinaza alisema. "Niliyaona mapovu. Nikaota ndoto mbaya mwezi mzima."

"Mbona hukuniuliza?" baba yake alisema.

Elinaza alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake. "Nilimwambia Irine, siku moja, tumekwisha kuwa wakubwa kidogo, yeye ana miaka minane. Nilitaka kumtisha. Akaniambia anajua. Akaniambia, tusimwambie baba kwamba tunajua. Baba hawezi kulisema lile neno, tumwache."

Tumainieli alitazama ukutani penye picha ya Irine ya kipaimara. Kumbe miaka yote ile alidhani yeye ndiye anayemlinda. Mtoto wa miaka minane alimbeba, na alikufa amembeba, na sasa yeye babu alikuwa ameanza kumfundisha Careen kazi hiyohiyo. Hapana, alijiambia. Kwa huyu basi.

"Mama Elinaza," alimwambia mkewe, "mlete mtoto."

"Baba Elinaza, tafadhali."

"Mlete. Na wewe ukae hapa karibu yake. Atakuhitaji."

Esta alimtazama muda mrefu. Kisha akaweka ungo chini, akaenda.

Careen alikaa mbele kabisa, kwenye mkeka, magoti kifuani. Tumainieli alisimama kando ya televisheni na kifimbo. Picha ilitoka imefifia, ina mistari, lakini punda walikuwa walewale. Alianza kwa shida, sauti imemkauka, halafu ikamrudia. Mkokoteni ukakwama, mama punda akalaumu barabara za wilaya, na Careen akacheka. Hata Esta alicheka, akaona haya. Kwa dakika kumi mzee alikuwa Hedaru.

Kisha nchi nyeupe ikatokea.

"Hapo ni Makanya?" Careen aliuliza kwa haraka. Ile hadithi aliisikia mara nyingi kwa mama yake. "Hiyo ndiyo jasi?"

"Siyo Makanya," Tumainieli alisema. "Ni nchi ya mbali yenye baridi. Huo weupe ni barafu, ni maji yaliyoganda. Juu unaona pagumu, chini ni maji."

Mama punda akakanyaga. Weupe ukapasuka. Careen akageuka akamtazama babu yake, na ulikuwa uso uleule wa mwaka ule, mikono ileile mdomoni. Tumainieli alihisi yale maneno ya zamani yanapanda yenyewe kooni, laini, tayari. Aliyazuia kwa meno. Alishika kifimbo kwa mikono miwili.

"Amekufa," alisema. "Mama punda amekufa. Harudi."

Mtoto hakusogea. Kwenye televisheni punda mdogo alikuwa amesimama peke yake.

"Na mama yako, Careen. Mama yako aliumwa figo, akatibiwa, hakupona. Alikufa mwezi wa tatu. Hayuko Makanya. Tulimzika hapa juu, karibu na mfereji. Lile tuta ni la kwake."

Ilichukua muda. Kisha uso wa Careen ukakunjamana na kilio kikatoka, kikubwa kuliko mwili wake, na Esta akamvuta mapajani akalia naye. Elinaza alilia. Rodrick alilia na kufuta macho kwa mkono wa shati. Tumainieli aliacha picha iendelee bila maneno. Hakutoka nje, ingawa alitamani sana kutoka. Alikaa kwenye mkeka akamshika mtoto mguu, kwa sababu mguu ndio alioufikia.

Walipokuwa wamenyamaza, kwenye televisheni yule punda mwenye masikio marefu alikuwa amekwishafika, anamlamba yule mdogo shingoni.

"Huyo ni nani?" Careen aliuliza, sauti imekwaruza.

"Zamani nilisema ni mama yake. Siye. Sijui lugha yao, sijui ni nani. Labda mama mkubwa wake."

Careen alimtazama Elinaza, halafu akarudisha macho kwa babu.

"Nani alisema mama yuko Makanya?"

"Mimi."

"Ulikosea?"

Angeweza kusema ndiyo, na jambo lingeisha. "Kwa yule punda nilikosea, mara ya kwanza," Tumainieli alisema. "Mara ya pili nilijua, nikadanganya. Kwa mama yako nilijua tangu mwanzo. Nilikudanganya. Nisamehe, mjukuu wangu."

Careen hakusema amemsamehe. Alifuta kamasi kwa kanga ya bibi yake, akasema anataka kwenda kuliona.

Kabla ya kupanda, Tumainieli aliingia ghalani akashusha gunia, akaufungua msalaba. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Careen alibeba begi lake la shule, hakuna aliyemuuliza kwa nini. Pale juu aliweka kidole kwenye herufi moja moja, I, R, I, akasimama kwenye N akifikiri, akamaliza. "Irine," alisema. Alisoma tena tangu mwanzo, haraka zaidi. Kisha akatoa kanga, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya udongo, na sabuni akaiweka juu ya kanga. Ndizi zilikwishaliwa tangu Alhamisi.

Rodrick alichimba shimo. Tumainieli aliusimamisha msalaba, akashindilia udongo kwa kisigino, akarudi hatua moja nyuma.

"Umepinda," Careen alisema.

Aliusukuma kidogo kushoto. "Sasa umenyooka."

Mtoto alimtazama kwa macho yaliyovimba. "Kweli, babu?"

Mzee Tumainieli alitaka kujibu, akaacha. Alisogea kando, akamwachia nafasi.

"Njoo usimame hapa uangalie mwenyewe."